Usilale na Mshumaa Mzima

Siku ya kuniaga, nyinyi vijana wa ofisi ya afya mlinipa saa ya ukutani na katoni ya mishumaa. Saa niliielewa. Mtu akistaafu hupewa saa wakati ambapo hana tena haja ya kujua ni saa ngapi. Katoni ya mishumaa ndiyo iliyowachekesha nyote, hata wale waliozaliwa mimi nikiwa tayari na kitambi, na mmoja wenu akaniomba niandike kisa chenyewe kabla hakijaharibiwa na wasimulizi. Kimeshaharibika. Nimesikia kwamba niliteketeza soko la Tawa, na kwamba nilimkimbiza mama mkwe wangu mbele ya kwaya. Ukweli ni mdogo kuliko hayo, ingawa haunipendezeshi zaidi. Niliandika maneno manne kwenye kibao, na maneno hayo nusura yamchome mama yake mke wangu akiwa kitandani.

Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi Zombe, kwetu Ukambani, miaka ya sitini ikielekea kwisha, nikiwa na suruali fupi ya khaki, baiskeli ya serikali iliyopenda kuachia mnyororo mbele ya watu, na imani kwamba wananchi walikuwa wakinisubiri. Hawakuwa. Kazi yetu kubwa ilikuwa vyoo, na kabla wiki haijaisha nilikuwa nimebatizwa Bwana Choo. Akina mama wakiniona kwa mbali walikuwa wakiambiana, "Chimbeni, chimbeni, anakuja," na nikifika nakuta shimo la kina cha sufuria, udongo bado mbichi. Nami nilikuwa nikilisifu, kwa sababu nilikuwa mgeni na nilitaka chai.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Mulwa, mtu mfupi, mpole, mwenye kofia kubwa kuliko cheo chake. Yeye ndiye aliyenifundisha kuingia katika nyumba za watu. Tukiwa njiani siku ya kwanza aliniuliza nikiingia kwa mtu nitaangalia nini. Nikajibu nilivyofundishwa chuoni: madirisha, maji ya kunywa, mahali pa kutupa taka.

"Hiyo ni ya kuandika kwa ripoti," akasema. "Wewe uliza taa inalala wapi."

"Taa inalala?"

"Kila kitu inalala. Lakini taa ikilala mahali mbaya, wenyewe hawaamki."

Zombe haikuwa na stima wakati huo. Watu walitumia koroboi, ile taa ya mkebe yenye utambi na moshi, na tabia yake waliijua kama wanavyojua ng'ombe mwenye pembe. Waliitundika kwenye msumari mbali na nyasi za paa, na mwenye kuizima alikuwa mama wa nyumba, si mtoto. Mshumaa ulikuwa kitu cha walimu na cha Krismasi. Ulikuwa mweupe, haunuki, hauna mafuta ya kumwagika, na kila mtu aliuchukulia kama mgeni mwenye adabu. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba hiyo adabu yake ndiyo hatari.

Nilijaribu pia kufundisha namna ya kuzima moto. Niliwakusanya akina mama wa kanisa, nikawasha kitambaa kikuukuu, nikatangaza kwamba sasa mtaona gunia lililoloweshwa linavyoua moto. Nikalirusha gunia. Nilikuwa nimesahau kulilowesha. Gunia likawaka vizuri kuliko kitambaa, nikalikanyaga, soksi zikashika moto, na mama mmoja akanimwagia chai iliyokuwa ya wageni. Bwana Mulwa alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alivua kofia, akaiweka usoni, na mabega yake yakawa yanatikisika kwa muda mrefu.

Kutoka Zombe nilipelekwa Tseikuru, na sababu haijalishi, ila kuna mkubwa mmoja ambaye hakupenda mzaha wangu. Huko niliwaambia akina mama kwamba mtu akiwasha taa ndani ya nyumba aweke ndoo ya maji karibu. Kisha mmoja aliyekuwa ametoka kisimani na punda, vumbi likiwa limemfika magotini, akasema kwa upole kabisa, "Daktari, hiyo ndoo ya kukaa ikiangalia moto, ni wewe utatuchotea?"

Nilimweleza Bwana Mulwa alipokuja ukaguzi, nikitegemea anionee huruma. Alinipeleka ukingoni mwa mto, ule mto wetu ambao huwa na maji siku chache kwa mwaka na siku nyingine zote ni mchanga mtupu. "Hapa tunakosa nini, na tuko na nini mingi?" akauliza. Hapo ndipo ulipozaliwa mkebe ambao nyote mmeniona nikiuzungusha kwenye mikutano. Ni mkebe wa mafuta ya kupikia, mchanga mkavu unafika nusu, mshumaa unasimikwa katikati uwe chini ya ukingo au uzidi kidogo tu. Ukiegemea, mchanga unaushika. Ukianguka, unaangukia mchangani. Ukisahauliwa ukaisha, unajizika wenyewe bila kusumbua jirani. Mkiona nimeusifu sana, kumbukeni kwamba wazo halikuwa langu.

Tawa nilifika stima ikiwa imetangulia kidogo, miaka ya themanini. Sokoni kila mtu alikuwa anaweka balbu, hata waliokuwa na chumba kimoja nyuma ya duka. Halafu tukajifunza kwamba stima ni kama mtoto wa watu, huja kukaa nawe ikipenda. Upepo ukivuma, imepotea. Mvua ikinyesha, imepotea. Mvua ikikosa kunyesha, imepotea. Na kwa kuwa watu walikuwa wameshatupa koroboi kwa majivuno, kila nyumba ikawa na mshumaa.

Sijawahi kuona watu werevu wakifanya ujinga mwingi namna ile, na mimi nikiwa mmoja wao. Mshumaa uligandishwa kwa nta yake kwenye mkono wa kochi, juu ya kile kitambaa cha kushona ambacho kila kochi lilikuwa nacho. Uliwekwa juu ya redio, juu ya kifuniko cha plastiki, dirishani chini ya pazia, kwenye shingo ya chupa ya soda iliyokuwa ikitikisika mtu akipiga chafya. Nyumba moja niliukuta umesimama juu ya mtungi wa mafuta ya taa, na mwenye nyumba akanieleza kwamba hapo ndipo mahali pa juu watoto hawafiki.

Kisha akaletwa zahanati binti wa mwalimu mmoja. Stima ilikuwa imepotea, akaingiza mshumaa chini ya kitanda kutafuta kiatu, neti ya mbu ikaushukia ikashika moto. Mama yake alikuwa amempaka dawa ya meno mkono mzima hadi bega. Muuguzi alipoanza kuiondoa ile dawa, yule mtoto hakulia kwa sauti, alikuwa tu akisema pole kwa mama yake, pole kwa kuharibu neti. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya zahanati nikalia. Mtoto alipona, mkono ukabaki na makunyanzi. Lakini siku hiyo niliamua kwamba mishumaa ya Tawa nitaikomesha, na hapo ndipo nilipochukua brashi.

Sasa lazima niwaambie juu ya Kiswahili changu. Nilijiona bingwa. Nilizaliwa Mkamba, nikalelewa kwa Kikamba, lakini shuleni nilipata zawadi ya insha, na zawadi hiyo ilinikaa kichwani kama kofia ya Bwana Mulwa. Nilitaka tangazo la maneno machache ambalo Mkamba, mwalimu wa kutoka mbali, na wale wenye maduka waliotoka Mlima Kenya wote wangelisoma. Nikawaza: kwetu moto ukizimika tunasema umekufa. Basi mshumaa ambao haujafa, unaowaka, si ni mzima? Nikaandika kwa rangi nyekundu: USILALE NA MSHUMAA MZIMA. Fundi wa vibao alinitazama akaniuliza kama nina uhakika. Nilimwambia apake rangi, lugha aniachie mimi.

Vibao vikapigiliwa sokoni, na wazee wa makanisa wakasoma tangazo Jumapili baada ya sadaka.

Wa kwanza kunijia alikuwa Mama Njeri, mwenye duka la rejareja karibu na stendi.

"Daktari, hii maneno yako imenisumbua," akasema. "Kila kastoma anataka nimkatie mshumaa katikati na kisu."

"Kwa nini?"

"Si wewe ulikataza mzima? Wanasema nusu ndiyo serikali imekubali. Sasa hizi nusu za huku chini hazina utambi ya kushika, nani atanunua?"

Mtu mwenye akili angeenda na brashi jioni hiyo hiyo. Mimi nilicheka. Nilimwambia Mama Njeri kwamba nusu ya mshumaa huwaka nusu ya wakati, kwa hiyo hata aliyekosea amepata faida, nikarudi ofisini nikijiona nimefundisha hata bila kueleweka. Kumbe kulikuwa na maana ya tatu iliyokuwa ikitembea, na ilikuwa imeelekea ukweni kwangu.

Mama mkwe wangu aliishi ng'ambo ya soko, katika nyumba ya mabati ambayo mwanawe wa Mombasa alikuwa ameitia stima. Alikuwa mjane, mguu mmoja ulimsumbua, na alikuwa msukaji wa vyondo, vile vikapu vyetu vya katani, ambaye hata wageni walimfuata. Nyuzi zake za katani alizitundika mafungu mafungu chumbani, juu ya kitanda, ili panya wasizifikie. Haya yote nayajua sasa. Wakati huo sikuyajua, kwa sababu baina yetu kulikuwa na nthoni, ile heshima ya Kikamba inayomzuia mtu asimkaribie mama wa mke wake. Nilikuwa nikisalimia nikiwa uani. Alikuwa akijibu akiwa mlangoni, akiangalia pembeni. Hatukupeana mkono, na kitanda chake sikupaswa hata kukiona. Hivyo mimi, niliyekuwa nimeingia kila chumba cha kulala pale Tawa nikiuliza taa inalala wapi, chumba kimoja tu sikuwahi kukiuliza. Mganga hajigangi, na afisa wa afya hakagui ukweni.

Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa cha kununulia chumvi. Alisikia tangazo kanisani, akashika maneno mawili, kulala na kuzima. Akaelewa kwamba mkwe wake, kwa niaba ya serikali, amekataza watu kulala na mshumaa uliozima. Wengine wangeuliza. Yeye hangeuliza, kwa kuwa neno lilikuwa limetoka kwa mume wa binti yake na kanisa zima lilikuwa limemgeukia kumwangalia. Tangu siku hiyo, kila stima ilipopotea, aliwasha mshumaa wake, akauweka kwenye kigoda kando ya kitanda, akalala ukiwaka.

Jumamosi moja jioni mke wangu Mwende nami tulimpelekea unga. Stima ikapotea kabla hatujafika. Mama alikuwa amepika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na kunde, lakini mguu ulikuwa umemshinda, akaenda kujilaza kidogo. Mwende akatoka kwenda kwa jirani kuomba kiberiti cha jikoni, kwa kuwa njiti ya mwisho mama alikuwa ameiwashia mshumaa wake. Nikabaki peke yangu uani kwenye kiti changu cha mkwe, ambacho kila mara kiliwekwa mbali na nyumba kama mtu anayesubiri kuuziwa mbuzi.

Nikasikia harufu ya katani ikiungua. Niliijua, maana lile gunia la Zombe lilikuwa limenifundisha. Dirisha la chumbani likawa na mwanga mkubwa kuliko wa mshumaa mmoja.

"Mwaitu!" nikaita, kama tunavyomwita mama. "Mwaitu, amka!"

Nikakimbia hadi mlango wa chumba, na hapo nikafanya jambo ambalo Mwende hulisimulia kwenye kila harusi. Nilisimama nikapiga hodi. Nyumba inaungua, nami niko mlangoni nasema hodi kwa sauti ya heshima, hodi tena, nikingoja kukaribishwa. Nilikuwa nimeogopa kile kitanda miaka mingi kuliko nilivyowahi kuogopa moto.

Moto haukusema karibu. Nikaingia.

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, anakohoa, fungu moja la katani limeanguka miguuni likiwaka na jingine linashika juu ya kichwa chake. Aliponiona alijivuta blanketi hadi kidevuni. "Toka," akaniambia kwa Kikamba. "Mkwe, toka, utaniaibisha." Moto ulikuwa umbali wa mkono, naye alikuwa akijificha kutoka kwangu. Nilivuta yale mafungu kwa mikono nikayatupa sakafuni, nikatafuta maji, hakukuwa na maji. Hakukuwa na mchanga. Kulikuwa na sufuria ya muthokoi jikoni, bado na supu yake, nikaibeba nikaimwaga yote. Kisha nikambeba mama wa mke wangu mikononi kama gunia la mahindi, yeye amefumba macho na mimi nimefumba ya kwangu, ndiyo maana tulijigonga kwenye fremu ya mlango.

Majirani walitukuta uani. Viganja vyangu vilikuwa vimeiva, na mmoja wao akaja mbio na dawa ya meno. Nilimkaripia, nikasema nataka maji, maji baridi tu na mengi. Yakaletwa ndoo kwa ndoo, na ulikuwa wakati wa kiangazi, na hakuna aliyeniuliza nani atachota.

Mama mkwe alikuwa amefunikwa leso tatu. Aliongea akiangalia pembeni, kama kawaida yetu.

"Uliniambia nisilale na mshumaa umezima," akasema. "Nimekutii. Sijui kosa langu ni lipi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa akinilaumu, alikuwa akiuliza kweli, na hilo lilinichoma kuliko katani. Nilitaka kumweleza habari za mzima na kuzima na insha yangu ya shule, lakini nikasema tu, "Kosa si lako, mwaitu." Mwende alinitazama, akaenda kukusanya muthokoi sakafuni.

Wazee waliamua kwamba nimevunja nthoni, hata kama ni kwa wema, na nikaleta mbuzi. Bwana Mulwa, aliyekuwa ameshastaafu, alialikwa kunisemea. Alisimama akanitetea vizuri, kisha akaharibu kwa kuongeza kwamba hii si mara yangu ya kwanza kuzima moto kwa chakula cha wageni. Walicheka hadi nyama ikapoa. Baadaye alinivuta kando akaniambia, "Kwa mambo ya moto, ongea kama unaambia mtoto. Puliza, halafu lala. Basi." Vibao vikapakwa upya: PULIZA MSHUMAA, NDIPO ULALE. Fundi aliniuliza tena kama nina uhakika. Nilimwambia akamwulize kwanza Mama Njeri, na Mama Njeri akasema hiyo hata mbuzi ataelewa. Tangu hapo sikutoa tangazo lolote kabla halijasomewa watu watatu wasionihurumia.

Nyumba ya mama mkwe ilipata mkebe wa mchanga, na katani ikahamia ghala. Kati yetu mambo yalirudi kama zamani, kiti changu uani na macho yake pembeni. Ila kulizuka jambo moja. Kila stima ilipopotea nami niko pale, aliita kutoka ndani, kupitia ukuta, "Mkwe, huu mshumaa ni mzima?" Nami nikajibu kutoka uani, "Ukiwa unauliza, upulize." Mwende alisema hajawahi kumsikia mama yake akimtania mtu mwingine yeyote.

Aliugua miaka ya tisini, kifua. Jioni moja tulikuwa kwake, stima ikapotea, Mwende akawasha mshumaa mkebeni akaenda jikoni. Nikiwa uani nikasikia naitwa. Nikaenda hadi mlango wa chumba, nikasimama palepale nilipowahi kusimama.

"Hodi," nikasema.

"Ingia tu," akasema. "Wewe ulishaingia."

Nikaingia. Hakujifunika. Alikuwa mdogo sana kitandani, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. Alinyoosha kidole kwenye mkebe, akasema pumzi yake haifiki tena, nimpulizie. Nikainama nikapuliza. Chumba kikawa giza na harufu ya nta.

"Sasa?" akauliza.

"Umezima, mwaitu."

"Una hakika na Kiswahili chako?"

Nilimwambia nina hakika.

"Basi nilale," akasema.